Shimo la mbwa nyuma ya bafu

Mbwa tuliyeachiwa na marehemu wazazi wetu alianza kufukua matuta ya viazi vitamu, ambavyo ndivyo tunavyokausha kuwa michembe ya kula kiangazi. Baba mdogo alipoona tuta la tatu limebomoka akasema, "Keshokutwa nampeleka kwa wachunga ng'ombe kule Kasoli." Mdogo wangu wa mwisho akagoma kula.

Niliacha shule darasa la sita niwalee wadogo zangu, na nimezoea kuangalia jambo mpaka nilielewe. Mvua ilikuwa imekata, nikawa namwagia marando, yale mashina ya viazi yanayotambaa, maji tuliyokwisha kuogea. Mbwa alifukua matuta yale tu niliyolowesha. Alikuwa anatafuta ubaridi. Nikalainisha udongo nyuma ya bafu, nikafukia ukwato wa ng'ombe ili harufu imvute afukue hapo, nikamwaga maji hayo huko. Kila alipoelekea kwenye matuta nilimrudisha. Marando nikayachotea maji kwenye lambo, bwawa la mifugo.

Baba mdogo alikuja na kamba. Akamkuta mbwa shimoni, masikio tu yakionekana.

"Mmemzika akiwa hai?"

"Amehamia kwake, baba mdogo."

Akakagua matuta yote, moja baada ya jingine, kisha akaikunja kamba yake.

"Akigusa hata rando moja, nitarudi."

"Sawa," nikamjibu. Mdogo wangu tayari alikuwa jikoni anauliza ugali uko wapi.