Mkono wa Askari Mstaafu

Padri anapotundika mablanketi madirishani ili tuone sinema ya majambazi ukumbini, Balbina huketi nyuma ya askari mstaafu, maana kumtazama mzee yule kunachekesha kuliko sinema. Hukaa wima kama yuko gwarideni, soksi kapiga pasi. Risasi zikilia huguna. Magari yakifukuzana hutikisa kichwa. Ukimwamkia hukushika mkono, na hauachii mpaka amalize kuuliza habari zote za kwenu, hadi za kuku.

Jumapili hii vijana walimchokoza: "Mzee, ulipomkamata mwizi wa benki, ulipiga risasi ngapi?"

Mzee akakunja ukingo wa kofia. Balbina akamwonea huruma. Ndipo Wendelin, mwizi mwenyewe, aliyemaliza kifungo na sasa analima mpunga, akageuka kutoka benchi la mbele.

"Risasi za nini? Pale Kivukoni pantoni lilikuwa ng'ambo, sote tunalisubiri. Nikamwambia shikamoo. Akanishika mkono, akauliza habari za mama, za shamba, za mvua. Hakuuachia mpaka kituo cha polisi, boma la Mahenge!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Sinema ilipokwisha, vijana wale wale walijipanga mlangoni kumpa mzee mkono, na hakuna aliyethubutu kuuchomoa.