Tangazo lililosema tumechaguliwa

Leo nimefuta tangazo kwenye kompyuta, na baba akavua koti lake la Jumapili.

Kompyuta yetu ni ya mtumba, tuliinunua Mbarara. Tangu tuweke programu ya kushusha nyimbo za kwaya, matangazo yamekuwa yakiruka kila tukifungua mtandao.

Mchana huu nikakata intaneti, nikafungua orodha ya programu nianze kufuta.

Baba akatoka chumbani, koti mwilini. Mimi bintiye huniita Mama.

"Mama, usifute. Banasema tumechaguliwa."

Kweli, tangazo lilikuwa bado kwenye skrini, kwa Kifaransa: Hongera, umechaguliwa.

Hapa Nakivale, kwenye kambi yetu ya wakimbizi, neno hilo tunalisikia kwa namna moja tu: familia yako imepata nchi ya kwenda kuishi. Sisi tunalingoja tangu niko mdogo. Baba alikuwa anaenda ofisi ya kambi kuuliza tutasafiri lini.

Mnajua mimi siongei sana. Basi nikaifuta ile programu mbele yake, nikasafisha kivinjari pia, nikarudisha intaneti. Tangazo halikutokea tena.

"Ni la uongo, papa. Linaambia kila mutu vile."

"Kila mutu?"

"Kila mutu."

Akavua koti, akalikunja polepole.

Sasa kompyuta ni nyepesi kabisa, ila mimi situlii. Kila mara naifungua tena, najiambia nahakikisha tu kwamba halijarudi.

Na kila nikiifungua, baba anasogea kuangalia.

Nyinyi mngemwambiaje?