Magunia ya Pumba na Mguu wa Koko

Juzi mama alinituma mafuta ya mawese kwa jirani wa nyuma. Nikachukua njia ya mkato niliyoizoea tangu utoto, macho kwenye simu, na nikagonga ukuta. Sisemi kwa mfano. Niligonga ukuta wa matofali kwa paji la uso, puu, mbele ya kuku watatu walioniangalia kwa dharau. Nikabaki nimeshika kichwa, chupa tupu mkononi, nikijiuliza nani ameweka ukuta katikati ya maisha yangu. Maana pale, rafiki yangu, palikuwa na uwanja. Ulikuwa udongo mwekundu uliofagiliwa kila asubuhi mpaka unang'aa kama sahani, na juu yake sisi wasichana kumi na mmoja wa mtaa wa Kabondo tuliruka nzango mpaka jua linazama.

Najua unachotaka kusema. Mtoto wa miaka kumi na saba, bado anatolewa darasani kwa kucheka, ana utoto gani wa kukumbuka? Nisikilize tu. Wakati ule nilikuwa na kumi na minne, na kwa hesabu yangu hiyo ni zamani sana.

Kama hukuwahi kucheza nzango, ni hivi. Mistari miwili inatazamana. Kila upande anatoka mmoja, wanaruka, wanapiga makofi, wenzao wanaimba, halafu kila mmoja anatupa mguu mbele. Upande mmoja unapata pointi miguu ikilingana, upande wa pili ikipishana. Basi. Watu wazima wamelia kwa ajili ya mchezo huo, nimewaona.

Mwalimu wetu alikuwa Koko, mama wa mama yangu. Hakuwahi kusimama kutufundisha. Alikaa kwenye kigoda chake pembeni, akitwanga lituma ya jioni, ndizi zikitoa mvuke ndani ya kinu, na mchi wake ndio uliokuwa ngoma yetu. Tu, tu, tu. Akiona mguu mvivu, mchi unasimama. Ukimya ule ulichoma kuliko fimbo. "Weye! Mguu hapana takataka, usitupe ovyo!" Kisha mchi unarudi, na harufu ya mawese yanayochemka inatuambia tumebakiwa na raundi mbili kabla ya kula. Nilianza kuruka pale nikiwa na miaka sita. Mpaka leo nikisikia mtu anatwanga, vidole vya miguu vinajikunja peke yake.

Halafu akaja metre, mwalimu wa hesabu shuleni. Bwana mwembamba kama chaki, tulimcheka waziwazi. Siku moja jitu moja la darasa la mwisho, lenye shingo kama kisiki, likamshika kola kwa sababu ya sifuri. Metre hakuweka hata kitabu chini. Alizunguka kidogo, kama mtu anayepisha baiskeli, na jitu likawa limelala kwenye vumbi likitazama mawingu. Mdomo wangu ulibaki wazi mpaka nzi akaona nafasi. Jioni ile ile nilikuwa kwenye judo yake.

Ukumbi ulikuwa kwenye njia ya Simi-Simi. Badala ya mikeka ya maana tulikuwa na magunia yaliyojazwa pumba za mpunga, yamefunikwa turubai. Ukianguka, pumba zinapumua usoni kwako, na unapiga chafya tatu kabla ya kujua umeshindwa. Kimono changu mama alikishona kwa mifuko ya unga, na mgongoni maandishi yalikataa kufutika: KILO 50. Basi jina langu likawa Kilo Hamsini. Nilipenda. Nilipenda kila kitu mle, hata chafya.

Miezi kadhaa nilicheza yote mawili. Kisha mashindano ya nzango dhidi ya wasichana wa Lubunga, ng'ambo ya mto, yakawekwa Jumapili. Na Jumapili hiyo hiyo, mtihani wa mkanda wa njano. Metre alisema bila kuinua macho, "Ukikosa, ni mwaka kesho. Chagua." Sasa, sisi tulikuwa kumi na mmoja kamili, bila wa akiba. Ukipeleka kumi, umeshindwa kabla ya kuvua viatu. Nilijua. Nisijifanye leo kwamba sikujua.

Nikachagua magunia.

Capitaine wetu, nahodha wa timu, msichana aliyeuza mikate ya mafuta na ambaye sauti yake ilifika kingo zote mbili za mto, alinipigia kelele mbele ya mtaa mzima: "Unatuacha juu ya kwenda kukumbatiana na batu kwenye pumba? Bon, nenda! Uolewe na gunia!" Nilicheka. Mimi nikiumia hucheka, ni kasoro ya kuzaliwa. Lakini Koko nilimwogopa. Nilimwambia akiwa anatwanga, nikitegemea mchi usimame. Haukusimama. "Bon, sawa," alisema, akaendelea kutwanga. Niliona afadhali angenipiga.

Jumapili ikafika. Nilisimama juu ya turubai mbele ya msichana mfupi, mpana, asiyetabasamu. Metre akatoa amri ya kuanza. Na mimi, naapa, nikapiga makofi mawili, nikaruka, nikatupa mguu mbele.

Hata mimi nilishangaa, niliutazama mguu ule kama wa mtu mwingine. Yule mfupi hakushangaa kitu. Aliukamata ukiwa hewani, akaniinua, akanilaza. Pumba, chafya, chafya, chafya. Mwili wangu ulikuwa umeenda Lubunga zamani, ukaniacha mimi Simi-Simi na kimono.

Sikuaga. Nilidandia toleka, na mwenye baiskeli aliponiona na KILO 50 mgongoni aliuliza kama nalipiwa kama abiria au kama mzigo. Kwenye mto tukangoja mtumbwi ujae watu, na mbuzi, na mama mmoja aliyesahau kitu na kurudi. Nilipofika Lubunga nilisikia wimbo wetu kabla sijaona uwanja. Nikajisemea, wanaimba nini, si wameshakatazwa?

Nikapenya kati ya watu. Nikahesabu mstari wetu. Kumi na mmoja. Wa mwisho alikuwa amekaza kilemba, amepandisha kitambaa magotini. Alikuwa Koko.

Capitaine aliniona, akapiga ukelele: "Kilo Hamsini! Ingia haraka, Koko atoke!" Watu wakageuka kunitazama na pajama zangu za unga. Koko hata shingo hakugeuza. "Hapana," alisema. "Ule iko na mavazi ya kulala. Angoje."

Akatoka mbele. Mpinzani wake alikuwa msichana mrefu kama nguzo ya simu. Koko akaruka. Sikuwahi kuona Koko hewani, sikujua anatenganika na ardhi. Akatupa mguu wa kushoto, miguu ikapishana kama tulivyotaka, pointi ikawa yetu, na Lubunga nzima ikapiga yowe. Na Koko akakaa chini, taratibu, akishika goti.

Tulishinda. Kwenye mtumbwi wa kurudi nilikaa karibu naye, goti lake limevimba kama papai. "Koko, unisamehe. Ni juu yangu."

"Nikusamehe nini?" Akanikodolea macho. "Miaka yote munakuwa kumi na moja, kumi na moja tu. Munafikiri nilikuwa napenda kutwanga? Nilikuwa nangojea mumoja aache." Akacheka mpaka mtumbwi ukayumba. "Hata siku moja hakuna aliniuliza, Koko, unataka kuruka?"

Nikalishika goti lake mpaka tukafika ng'ambo.

Goti halikupona vizuri. Akaenda kukaa kwa dada yake kijijini Bengamisa, kwenye shamba la mpunga, na kinu akaenda nacho. Bila mchi, uwanja ulikuwa udongo tu. Capitaine akaolewa, si na gunia. Wengine wakaenda huku na huku. Mimi nilirudi kwenye turubai, na leo nina mkanda wa kijani. Kimono ni kile kile, mikono imekuwa mifupi.

Basi juzi, pale ukutani, nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Kuku tu. Nikaweka chupa chini. Nikapiga makofi mawili, nikaruka, nikatupa mguu wa kushoto. Nikabaki hivyo, mguu mbele, nikiutazama. Upande wa pili hapakuwa na mguu wa kunijibu kama nimeshinda au nimeshindwa.