Kila mtu anajua ni mimi nilichagua hiyo mashine

Habari admin, na wote mnaosoma hapa. Jina langu tafadhali liache nje, na la kanisa letu pia. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nimemaliza form four na niko nyumbani Rhonda nikingoja results. Mimi si mtu wa kuongea. Hata dukani nikipewa kitu sicho huwa naenda nacho tu nyumbani. Ndiyo maana naandika, kwa sababu hii nikijaribu kuisema kwa mdomo najua itakwama.

Kaka yangu mkubwa, tumwite Pato, alikuwa anapakua mizigo ya malori Salgaa, pale madereva wa masafa hulala njiani. Maisha ya huko yalimwingia vibaya, pombe na marafiki, mpaka mama akawa anaogopa simu ikilia. Mwaka huu akarudi, akaacha kunywa, akakodisha chumba kimoja kwa plot yetu ya nyumba za kupanga afungue mahali pa vijana kucheza game. Alitaka mashine moja kubwa, gaming computer ambayo Rhonda nzima hakuna. Na kwa vile mimi hushinda kwa simu nikisoma mambo ya kompyuta, akaniambia, "Siz, wewe ndio unachagua kila kitu. Mimi ni kununua tu." Admin, sijawahi kuaminiwa hivyo na mtu.

Kitu nilichochukua muda nacho sana ni power supply, lile boksi la chuma ndani ya kompyuta ambalo hupokea stima ya ukuta na kuigawia vitu vingine vyote. Graphics card tuliyotaka, ile kadi ya kuonyesha picha za game, inakula stima kama posho mill ya kusaga mahindi, kwa hivyo hilo boksi lazima liwe la nguvu na la kampuni inayoeleweka. Nikamwandikia ni gani. Pato akarudi kutoka town na kila kitu isipokuwa hilo. Alikuwa ameona kasha la kioo lenye taa za rangi zinazozunguka, akalipenda, na boksi akachukua lingine kwa jamaa fulani.

"Limeandikwa watt zile zile," akaniambia.

Nikalibeba. Lilikuwa jepesi kama limejaa hewa. Nikasema polepole, "Sticker mtu yeyote anaweza kuprint."

"Siz, watu wanakuja kuona taa. Nani atafungua aangalie boksi?"

Halikuwa hata na waya za kutosha za ile graphics card. Yule jamaa alikuwa amempa kiunganishi cha plastiki cha kuvuta stima kutoka kwa waya nyembamba, zile zimetengenezewa vitu vidogo. Nikaunganisha kwa mikono yangu.

Tangu siku hiyo, game ikifika mahali pazito mashine inazima pap. Na vijana wote wanasema kwa sauti moja, "Aah, stima." Huku kwetu stima hupotea ovyo, hakuna mtu hushtuka. Wanakaa tu, Pato anawasha tena, wanaendelea. Lakini mimi huangalia juu. Bulb huwa inawaka. Kila mara inawaka, na hakuna mwingine anaangalia.

Wiki iliyopita nilikuwa peke yangu mchana nikafungua ubavu wa kasha. Kile kiunganishi kilikuwa cheupe. Sasa kimekuwa rangi ya chai, na pembe moja imelegea kama mshumaa. Harufu yake sijui niielezeje, inakaa kwa koo. Pato alipokuja nikamwonyesha. Vijana wawili walikuwa wamesimama mlangoni, mmoja akasema, "Leo engineer anaongea? Basi mvua lazima inyeshe." Wakacheka. Pato naye akacheka kidogo, akafunga ubavu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Usiniharibie mbele ya watu. Nikisimama kipesa nitabadilisha." Halafu akapuliza air freshener chumba kizima.

Kinachoninyima usingizi sana ni mlango. Hicho chumba hakina dirisha la maana, kina mlango mmoja tu wa grill ya vyuma. Tangu mtu atoroke na controller ya kuchezea, Pato hufunga grill kwa kufuli wateja wakiwa ndani, na akienda kununua chapati hapo kona, funguo iko mfukoni mwake.

Jumamosi hii watoto wa Sunday school wanakuja kucheza, ni zawadi yao ya kufunga shule. Mwalimu wao ni jirani yetu. Jumapili baada ya ibada alinishika mkono mbele ya akina mama, akauliza, "Pato ananiambia ni wewe ulitengeneza hiyo mashine. Ni salama kwa hawa wadogo?" Wote wakaniangalia. Nikatingisha kichwa, ndiyo. Wakanipigia makofi.

Mama hajui. Yeye kwao ni upande wa Sachangwan, pale lori la mafuta lilishika moto likaua watu wengi, na kwetu nyumbani hakuna mtu hufanya mzaha na moto. Nikimwambia atafunga hicho chumba siku hiyo hiyo, hatasikiliza mambo ya kubadilisha boksi. Na Pato alishaniambia, tena akiwa ametulia kabisa, "Hii ikikataa, siz, narudi Salgaa na msinitafute." Nimefikiria kuharibu kile kiunganishi nijifanye sijui, lakini ataenda kuchukua kingine kwa jamaa yule yule.

Leo asubuhi mwalimu amenitumia message. Anasema watoto wameongezeka, hawatatoshea kwa viti, anauliza kama waje na blanketi wakae chini. Nimeisoma, na ameona nimeisoma. Nyinyi mlio wakubwa kuliko mimi, niambieni, nimwandikie nini?