Siku Maji ya Pangani Yalipokataa Kunipisha

Chekeni tu, nami nacheka, maana nikinuna ndiyo mnazidi, lakini wallahi siku ile ya Pangani nikiikumbuka masikio yanapata moto mpaka leo, na kama si huyu Shebe kuniropokea barazani ningeishi maisha yangu yote bila yeyote kati yenu kujua kwamba Omari fundi cherehani wa Chumbageni hajui hata breki inakaa upande gani.

Nianze na picha, kwa sababu bila picha hakuna mkasa. Ile picha ya dunia iliyokauka mnaijua, na asiyeijua basi utoto wake ulikuwa na kasoro: bahari zote zimekwisha, meli zimelala mchangani, watu wanauana kwa kikombe cha maji, na steringi (huyo ndiye mwenye picha, wengine wote ni wa kupigwa) anaendesha lori bovu la maji juu ya sakafu ya bahari, anafukuzwa na adui mwenye koti la vizibo vya soda. Sisi tuliiona banda la video, na yule DJ wa kutafsiri alikuwa anatia maneno yake mwenyewe, steringi akipiga gia DJ anapayuka, "Hapo sasa steringi kakanyaga mafuta, bahari yenyewe imempisha!" na banda zima tunasimama. Wengine walikua wakaacha. Mimi na Shebe, ambaye siku hizi anatengeneza simu pembeni ya cherehani yangu, hatukuacha, kila Jumapili alasiri tunaiweka, tunakunywa kahawa na kashata, tunabishana kwa nini steringi alimpa yule binti maji yake ya mwisho (Shebe anasema ni ujinga, mimi nasema ndiyo maana yeye steringi na wewe si steringi). Nikikanyaga pedeli ya cherehani nilikuwa naunguruma kwa mdomo kama lori. Mtaa mzima ukaniita Steringi, na mimi, sitaki kusema uongo, nilikuwa naitika kwa raha.

Basi nikampenda Rukia wa Pangani, posa ikapelekwa, na baba yake, Mzee Sefu, mtu wa nazi, mwenye mashamba na pikapu, akasema tuje tule naye chakula ng'ambo ya mto, Bweni, kwa kaka yake mkubwa, na jibu atalitoa huko huko mbele ya ndugu zake. Nikashona kanzu mpya, nikamchukua Shebe anisindikize, na hapo ndipo kosa lilipoanza, maana Shebe mdomo wake hauna kitasa.

Tulipofika kwake Pangani tukatoa shikamoo, tukakaribishwa jamvini, Mzee Sefu akaniangalia kanzu, akaniangalia viganja, akauliza, "Kijana, unashughulika na nini huko mjini?" Kabla sijafungua mdomo Shebe akadakia.

"Mzee, huyu ndiye steringi wetu Chumbageni! Hana mpinzani!"

Uso wa mzee ukafunguka. "Aaa! Kumbe mtu wa steringi! Steringi ya nini, ya basi au ya fuso?"

"Lori la maji, mzee," akasema Shebe, ambaye kichwani mwake bado alikuwa anazungumzia picha. "Jangwani. Bila breki."

"Bila breki! Mashaallah!"

Mimi nilijua palepale. Nilijua kwamba Shebe anasema steringi wa kwenye picha na mzee anasikia steringi ya kwenye gari, yaani usukani, na kuliweka sawa ilikuwa ni sentensi moja tu, "Samahani baba, mimi ni fundi cherehani." Lakini mzee alikuwa ananitazama kama mtu aliyepata dereva na mkwe kwa mpigo mmoja, na Rukia alikuwa anachungulia pazia la mlango akitabasamu, basi nikasema moyoni, aa, maneno ya kupita haya, gari yenyewe ina dereva wake. Nikanyamaza. Kosa langu ni hilo tu, kunyamaza.

Tukaenda kwa miguu mpaka kwenye pantoni la kuvukia, na pikapu tukaikuta iko foleni mbele kabisa, imeelekea mtoni kwenye mteremko, sufuria kubwa la pilau limefungwa kitambaa nyuma, na mama yake Rukia amekaa kiti cha mbele kwa sababu goti linamsumbua. Asiyekuwepo ni dereva. Jino lilimzidi, amekimbilia zahanati akiwa ameshika shavu, funguo kamwachia mama.

Pantoni likafungua mlango, mtu wa pantoni akapuliza filimbi, magari nyuma yakaanza honi. Mzee Sefu, ambaye mwenyewe ameshakatazwa kuendesha kwa ajili ya macho, wala hakushtuka.

"Neema ya Mungu hii," akasema. "Steringi yupo. Ingia, mwanangu, tupeleke."

Nikamtazama Shebe. Shebe, ambaye sasa ndiyo anaelewa alichokifanya, akawa anatazama kandambili za watu. Nikaona, nikisema hapa sijui, mbele ya foleni nzima, jibu la posa limeshatoka na sina haja ya kwenda Bweni kulifuata. Nikapandisha kanzu, nikaingia.

"Shikamoo mama," nikamwambia mama Rukia, ingawa nilishamwamkia nyumbani.

"Marahaba tena," akasema. "Mbona unatetemeka, baba?"

"Joto, mama."

Gari kuwaka iliwaka, hapo nitajisifu. Nikashusha hendibreki kama nilivyomwona steringi anafanya, na gari ikaanza kushuka yenyewe. Sasa nisikilizeni. Miguu yangu mimi inajua pedeli moja tu duniani, ya cherehani, unaikanyaga mbele nyuma, mbele nyuma, na ukitaka kusimama hukanyagi kitu, unaweka kiganja juu ya gurudumu la juu, linatulia, basi. Nikakuta pedeli tatu, nikazichezea zote mbele nyuma kwa adabu ya kifundi, gari ikanguruma ikazidi mwendo, na nilipoona mlango wa pantoni unatujia, kwa hofu nikafanya kile ambacho mikono yangu imekifanya miaka yote, nikaweka kiganja juu ya steringi kuizuia. Ikazunguka. Tukaupita mlango wa pantoni kwa pembeni, mtu wa filimbi akaruka, na sauti ya DJ ikaniingia kichwani waziwazi: bahari yenyewe imempisha!

Kasoro moja tu. Katika picha ile bahari imekauka. Mto Pangani haujakauka.

Tukaingia mpaka madirishani. Injini ikakohoa ikanyamaza, maji yakaja mapajani, kanzu yangu mpya ikavimba kama mwavuli, na nyuma nikasikia kitu kinajigonga taratibu kwenye bodi, kumbe sufuria la pilau limeshaelea linataka kuondoka. Watu wa pantoni wote wamesimama ukingoni, simu juu. Mmoja akapiga kelele, "Huyo dereva wa wapi?" na Shebe (Mungu amsamehe, mimi bado) akajibu kwa sauti ya kulia, "Si dereva! Ni steringi!"

"Steringi gani anazama mwanzo wa picha? Huyo adui!"

Nilitaka kumwokoa mama mkwe, niaminini, lakini mlango ulinishinda, na nilipogeuka mama mwenye goti bovu alikuwa ameshatoka dirishani, mtoto wa mvuvi yule, amesimama majini kifuani, akanikamata ukosi wa kanzu akanitoa kupitia upande wake, akaniburuta hadi mchangani. Pilau lilivutwa na wenye ngalawa, limelowa, wakaambiwa wale wao.

Bweni hatukwenda. Nilikalishwa jamvi lilelile nimefungwa leso ya mama Rukia, yenye maua, nimeinamisha kichwa, na Mzee Sefu amekaa mbele yangu. Akauliza polepole.

"Kazi yako hasa, kijana."

"Fundi cherehani, baba."

"Na usteringi?"

"Wa kwenye picha, baba."

"Picha." Akatafuna neno hilo. "Gari yangu imekwenda mtoni kwa picha." Nikaanza kutafuta kanzu yangu kwa macho, nijiondokee kabla ya kufukuzwa, na nyuma ya pazia nilisikia Rukia analia, na mimi moyo ukakatika kabisa, kwani aibu ile ningeivumilia, lakini kumkosa yeye sikujua ningevumilia vipi.

Ndipo mama akatoka na nguo kavu, akakaa, akanyoosha goti lake. "Baba Rukia," akasema, "mie ni mtoto wa mvuvi. Kitu nilichokivua mwenyewe, nikakileta nyumbani kwangu, sikirudishi majini. Kama una neno na gari, nena na gari."

Mzee akamtazama mkewe, akaitazama leso ile ya maua, mabega yakaanza kumcheza. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia.

Tulioana. Gari haikupona, na siku ya harusi mzee alinikabidhi mbele ya watu kitu cha mviringo kimefungwa kanga. Steringi. "Hii haina injini," akasema, "endesha utakavyo." Ipo ukutani juu ya cherehani yangu.

Tangu hapo, mtu akiniita kwa jina nisilolifanyia kazi, namrekebisha palepale, hata kama amenisifu, hata kama ni mkwe. Picha bado naiona kila Jumapili, siku hizi na Rukia, anayesema steringi yule angekuwa na mama mkwe wa Pangani lori lisingemshinda. Na wateja wakitazama ukutani wakiniuliza, "Fundi, una gari?" nawajibu ukweli, "Sina. Nina steringi tu."

"Na hiyo yenyewe ya baba," anasema Rukia kutoka ndani.