Ndege na Sindano ya Ramazani

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani, kwetu Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka mjini Kindu, nepi za mtoto mchanga hazikuachwa nje jua likizama. Likianza tu kushuka, Koko, mama yake baba, alipaza sauti kutoka jikoni, nami niliacha mchezo wowote nikakimbilia kamba ya nguo. Alisema kuna ndege anayepita saa hiyo. Nepi anayoirukia ikivalishwa mtoto, mtoto hukakamaa, macho hugeuka, povu humtoka. Kwingine wanauita ugonjwa huo degedege. Sisi tulisema ndege tu, na tulimwogopa kuliko chui.

Lakini kilichomtisha Koko zaidi ni ndege kukutana na sindano. Mtoto aliyepitiwa na ndege akichomwa sindano, alisema, haioni kesho. Hilo halikuwa la kubishaniwa. Kila mama wa mtaa wetu alilijua kama alivyojua kupika sombe, majani ya muhogo.

Ilikuwa miaka ya vita. Treni haikuja tena Kindu, na baba alikuwa ameenda Kibombo kwa baiskeli kutafuta mchele. Hatukujua kama yu hai. Jioni moja risasi zikalia upande wa mashamba. Tulijifungia ndani, tukalala sakafuni, mama amemkumbatia mdogo wangu Ramazani, kichanga ambaye hata jino hakuwa nalo. Nani angekumbuka kamba? Kulipokucha, nepi zake zilikuwa bado zinaning'inia, zimelowa umande. Koko alizitazama, akaguna, akaingia ndani.

Bahati mbaya, siku hiyohiyo ilikuwa ya chanjo. Vita vilikuwa vimeizuia muda mrefu, sasa dawa zimefika kwa boti. Mama alipomfunga Ramazani mgongoni, Koko alisimama mlangoni.

"Mama Zaina, usiende na huyu mutoto. Uliona nepi."

"Niliziona, Mama. Lakini magonjwa inamaliza watoto, na dawa haitatungoja."

"Basi, enda. Kama iko na kitu, njo weye utajibu."

Zaina ni mimi. Nilifuatana na mama nikiwa nimemshika kitenge. Muuguzi, mwanaume mchovu mwenye viatu vya plastiki, alimchoma Ramazani pajani, akasema, "Atapata joto kidogo. Usimufunike sana. Umunyonyeshe, umupanguse na maji." Aliyasema kama mtu aliyekuwa akiyasema tangu asubuhi.

Mchana Ramazani akaanza kuwaka. Paja likavimba, likawa gumu, naye akalia kile kilio chembamba kinachomkosesha mtu raha. Mama alichovya kitambaa majini, Koko akamnyang'anya. Maji, alisema, yanamwita ndege. Alimfunika mtoto mablanketi, akafunga dirisha, akaweka makaa kwenye kigae na kuyatupia manyoya ya kuku. Ndivyo alivyomponya baba yangu utotoni. Chumba kikajaa moshi mpaka machozi yakatutoka sote. Mama alikuwa mkwe katika nyumba ya mkwewe, mume hayupo, akanyamaza. Nilitamani apige kelele.

Jua liliposhuka, Ramazani akakakamaa. Macho yakawa meupe, mikono ikaanza kuruka, povu likamtoka mdomoni. Mimi nilijikojolea. Koko akapiga magoti.

"Amefika. Nilisema! Nilisema!" Akaanza kumlilia mjukuu wake kilio cha msibani.

Sijui mama alipata wapi nguvu. Alimpokonya mtoto, akayatupa mablanketi, akatoka naye uani, saa ileile ya ndege, chini ya kamba ileile. Akamlaza ubavu kwenye mkeka, uchi, akaanza kumpangusa maji. Mimi sikuthubutu kumtazama mdogo wangu. Nilitazama juu, ninangojea mabawa.

"Utamuua!" Koko alipiga yowe kutoka mlangoni.

"Kama ni kufa, Mama, afie mu mikono yangu."

Mikono ya Ramazani ikaacha kuruka. Akalegea, na kwa kitambo tulidhani ndiyo basi. Kisha akalia kwa sauti nene, na mama alipomwinua akamkojolea kifuani. Mama alicheka na kulia kwa pamoja.

Ningependa kusema hofu iliishia pale. Baba aliporudi, Koko ndiye aliyemsimulia kwanza: moshi ulimfukuza ndege, sindano ilitaka kumaliza mtoto. Baba akaamua kwamba katika nyumba yake hakuna mtoto atakayechomwa tena. Mama hakubisha. Zamani nilidhani alishindwa maneno. Sasa nami nina mtoto, na naamini alikuwa bado anayaona yale macho meupe.

Akazaliwa mdogo wetu Sifa. Nepi zake niliziwahi kila jioni, na sindano hakuijua. Surua ilipoingia Alunguli ilimkuta anajifunza kukimbia. Hakukakamaa, hakutoa povu. Alikohoa, akajaa vipele, akaisha polepole mbele ya macho yetu. Tulipotoka makaburini, Koko aliketi karibu na mama, akasema kwa sauti ndogo, "Huyu hakuchomwa sindano." Sikuelewa kama anajitetea au anauliza.

Koko ametangulia siku nyingi, na Ramazani ana ndevu, anavusha watu kwa mtumbwi wa injini. Juzi nilimpeleka binti yangu kuchanjwa. Jioni akawaka moto, na mimi, mtu mzima niliyeelezwa vizuri na muuguzi, niliangusha kitambaa cha maji sakafuni. Kujua hakukunipunguzia woga hata kidogo. Mama, mzee sasa, alikiokota, akakichovya, akampangusa mjukuu wake shingoni na kwapani mpaka joto likashuka na mtoto akashika ziwa.

"Ile ingine ni ya lini?" akaniuliza.

"Ya surua? Akifikisha miezi tisa."

Alikamua kitambaa, akakitandaza kwenye goti lake.

"Ile, Zaina, nitamupeleka miye."