Fainali Aliyotolewa Mama Mdogo

Juzi, hapa London, ndani ya treni ya kwenda Walthamstow, msichana aliyevaa soksi ndefu za kuchezea mpira aliketi mkabala nami, akaja na harufu ya dawa ya kuchua misuli. Ile kali, yenye ubaridi ndani yake, inayopanda puani kabla hujajua imetoka wapi. Treni ilifika mwisho wa reli, watu wakashuka, mimi nimekaa tu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumamosi zetu kule Hounslow. Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi chumba kimoja juu ya duka: Mama, mimi, na Wakesho, mdogo wake wa mwisho, ambaye kwangu alikuwa mama mdogo. Alitoka Voi kuja kusomea uuguzi, na chuoni walimjua kwa jina la ubatizo, Agnes. Kila Jumamosi alijipaka dawa ile magotini, huku ndege zikipita juu ya paa na vikombe vikitikisika kabatini, kisha akaenda kucheza winga ya kushoto.

Mama alimwona kila mtu mpelelezi. "London hakuna swali la bure," alikuwa akisema. Mtu wa gesi akigonga mlango, tulizima redio. Jirani akimsalimu, Mama aliitikia vizuri, halafu akashinda akijiuliza yule alitaka nini.

Mashindano yenyewe, ubingwa wa wanawake wa vyuo, yalikuwa na historia yake, na mama mdogo alipenda kuisimulia akiosha njumu kwenye karai. Yalianzishwa na wasichana wa vyuo vichache walionyimwa viwanja vya wanaume. Fainali ya kwanza waliicheza kwenye bustani ya umma, na inasemekana mbwa mmoja aliokoa goli la wazi. Baadaye chuo cha ualimu kikatwaa ubingwa mfululizo, hadi ikagundulika kwamba kipa wao hakuwa mwanafunzi bali mpishi wa bwenini. Mamluki, kama tunavyosema kwetu. Timu nzima ilikuwa imeapa kwamba wanasoma naye. Tangu hapo kila mchezaji alitakiwa kuja na kitambulisho, na asiye nacho adhaminiwe na mtu asiye wa timu. Tangu hapo pia vyuo vilitazamana kwa jicho la pembeni. Chuo cha wauguzi, ambacho hakikuwahi kushinda kitu kwa kuwa nusu ya timu ilikuwa zamu wodini, kilipofika fainali, watu walinong'ona.

Mama alikubali kwenda siku hiyo. Si kutazama mpira, alisema, bali kuwatazama wanaomtazama mdogo wake. Alisimama kando ya mstari amejikunyata ndani ya koti, manyunyu yakimlowesha kilemba. Kisha mama mdogo akampita beki, akampita na kipa, akafunga, na Mama akajisahau. "Wakesho! Wape, mwanangu, wape!"

Wakati wa mapumziko kocha wa chuo cha ualimu, mwanamke mrefu mwenye mwavuli wa kijani, alimwendea refa. Namba kumi na moja ameandikwa Agnes, alisema, mbona anaitwa jina lingine? Kitambulisho chake kiko wapi?

Mama mdogo alipekua begi, akalipekua tena. Hakikuwamo. Asubuhi ile Mama alikuwa amekitoa na kukisukuma chini ya godoro, maana kwake karatasi za mtu hazitembezwi viwanjani.

Refa akaja kwetu. "Umemwita kwa jina. Unamfahamu?"

Nilifungua mdomo. Mama alinibana mkono mpaka pete yake ikaniuma.

"Simjui," alisema. "Nilimfananisha na msichana wa kwetu."

"Kwa hiyo hamna undugu?" aliuliza yule wa mwavuli, akizitazama pua zao, zilizochongwa na fundi mmoja.

"Kila mweusi ni ndugu yangu?"

Kocha aligeuka mwekundu, lakini hakuondoka. Mama mdogo alikuwa amesimama karibu, amesikia yote. Nilimsubiri apinge. "Huyu mama hanijui," alisema. "Na mimi ndiyo kwanza namwona." Akavua jezi, akavaa sweta, akaketi. Hapakuwa na mchezaji wa akiba. Wauguzi walicheza kumi, wakafungwa mabao mawili.

Kombe la mashindano yale halikuwa kombe. Waanzilishi, kwa kukosa mfadhili, walinunua birika la bati sokoni, na ikawa desturi kwamba washindi huwamiminia chai walioshindwa. Yule wa mwavuli mwenyewe ndiye aliyemmiminia mama mdogo, bado akimchunguza. Mama mdogo alivuka uwanja na kikombe kile, akakishika kwa mikono miwili mbele ya Mama.

"Karibu chai, mama, ingawa hatujuani."

Mama aliinywa yote bila kuinua macho. Kwenye basi la ghorofa mama mdogo alipanda juu, sisi tukakaa chini.

Kwa miaka mingi nilimshuku Mama. Niliamini alimwonea wivu mdogo wake, mwenye miguu myepesi na chuo. Nimehama vyumba vingi katika mji huu, na kila nilikohamia nilihama na shaka hiyo. Mama alifariki nikiwa nayo.

Mwaka jana nilimuuliza mama mdogo, ambaye sasa amestaafu uuguzi. Alicheka kwanza. "Kibali cha mama yako cha kuishi hapa kilikuwa kimekwisha muda, mwanangu. Na mimi kule Croydon, ofisi ya uhamiaji, nilikuwa nimesema sina jamaa yeyote nchi hii. Angetamka tu kwamba mimi ni mdogo wake, nani ajue yule wa mwavuli angezipeleka wapi habari hizo? Tulikuwa tumeshapatana zamani: nje ya mlango, hatujuani."

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe?" Alinitazama kwa upole. "Ulikuwa ukiulizwa saa, unaeleza na tulichokula."

Basi miaka yote nilipokuwa nikimshuku Mama, kumbe mle chumbani aliyeshukiwa nilikuwa mimi. Nao hawakukosea. Haya yote, si nimekwisha kuwaambieni?